Kapu la Minyoo Lililopanguliwa kwa Karne Mbili

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden alitoa chapa ya kumi ya Systema Naturae na kuwagawa wanyama wote katika makundi sita. Manne yalikuwa ya wenye uti wa mgongo. Waliobaki, ambao ni zaidi ya asilimia 95 ya spishi zote za wanyama tunaowajua leo, waliambulia makundi mawili tu: wadudu na minyoo. Kaa, nge na tandu walihesabiwa wadudu. Kundi la minyoo likawa kapu la kila kilichokosa mahali, pweza, konyeza, konokono, kiti cha pweza na matumbawe wakiwa humo humo.

Aliyekabidhiwa kapu hilo ni Jean-Baptiste Lamarck. Mwaka 1793, mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamepamba moto, Bustani ya Mfalme jijini Paris iligeuzwa makumbusho ya taifa ya viumbe, na Lamarck, mtaalamu wa mimea aliyekaribia miaka hamsini, akapewa uprofesa wa wadudu na minyoo. Alilivalia njuga. Mwaka 1799 alitenga jamii ya kaa na kamba, 1800 buibui na nge, 1802 minyoo wenye pingili kama nyungunyungu na ruba. Kufikia 1809 alikuwa na makundi kumi. Uzeeni alipofuka, bintiye akaandika kwa imla sehemu za mwisho za kitabu chake kikuu chenye juzuu saba. Wengi humkumbuka kwa nadharia yake ya shingo ya twiga tu; mimi naona huu ndio urithi wake mkubwa zaidi.

Mwenzake, Georges Cuvier, alitaka kujua mwili umepangwaje kwa ndani. Alipasua, akafuatilia mishipa ya fahamu, na mwaka 1812 akatangaza ramani nne za mwili: wenye uti wa mgongo, moluska, wenye pingili, na wale ambao viungo vyao huzunguka kitovu kimoja. Alishikilia kwamba ramani hizo hazichangamani kamwe.

Kosa moja katika ramani hizo lilifichuliwa Ireland. Cuvier aliwaweka kwa moluska wale viumbe wenye magamba makali wanaong'ang'ania miamba na matumbo ya majahazi. John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi aliyeishi Cork, alichota baharini vijidudu vinavyoogelea, akavihifadhi katika maji ya chumvi, akaviona vikijivua ngozi, vikijibandika na kugeuka kuwa viumbe hao hao. Alichapisha habari hiyo mwaka 1830: hao ni ndugu wa kaa. Kiti cha pweza naye akaja kuwashangaza wataalamu, kwa kuwa mtu mzima ana mikono kuzunguka kitovu, ilhali mtoto wake ana kulia na kushoto kama sisi. Undugu wake na binadamu ni wa karibu kuliko undugu wake na konyeza.

Mwaka 1997 vinasaba vilivunja hata kundi la wenye pingili. Wadudu na kaa walionekana kuwa jamaa wa minyoo laini wanaojivua ngozi, na nyungunyungu akasogezwa karibu na konokono na pweza.

Ubishi wa sasa ni nani aliyetengana kwanza na wanyama wengine wote: sifongo, asiye na neva hata moja, au tenofora, viumbe laini wanaoogelea kwa safu za vinyweleo. Utafiti wa kromosomu uliochapishwa mwaka 2023 uliwaelekea tenofora. Ikiwa ndivyo, basi ama neva zilizuka mara mbili, ama sifongo alikuwa nazo akazipoteza.