Kutoka Amani hadi Michoacán: Hesabu za Vipepeo Wahamao

Mwaka 1927 mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, C. B. Williams, alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milimani Usambara. Miaka mitatu baadaye, akiwa ameshaondoka Tanganyika, alichapisha *The Migration of Butterflies*, kitabu kilichokusanya taarifa za watu wengi: tarehe, mwelekeo, wingi wa waliopita. Modeli za kihisabati za uhamaji zilizofuata zimesimama juu ya kumbukumbu za namna hiyo.

Hisabati yenyewe ilitoka kwa P. H. Leslie wa Oxford. Mwaka 1945 alionyesha kwamba jamii ya wanyama inaweza kupangwa kwa marika ndani ya jedwali la namba, yaani matriksi. Uzazi na uhai wa kila rika ukishajulikana, idadi ya leo huzaa makadirio ya kesho.

Kipepeo mhamaji, hata hivyo, hahesabiki kwa rika pekee. Monaki wa Amerika Kaskazini huondoka Mexico karibu na Machi, hutaga kusini mwa Marekani, kisha hufa. Wanaoendelea hadi Kanada ni wanawe na wajukuu, na wanaorudi Mexico kabla ya baridi ni vizazi vya baadaye, ambavyo havijawahi kuiona. Kwa hiyo kila rika lazima liandikiwe pia mahali lilipo.

Mahali wanapokaa Mexico wakati wa baridi palichelewa kujulikana kwa wanasayansi. Fred na Norah Urquhart wa Toronto walibandika alama kwenye mbawa kwa miongo kadhaa, hadi Januari 1975 wasaidizi wao, Ken Brugger na Catalina Aguado, walipowakuta vipepeo wamefunika miti ya Cerro Pelón, Michoacán. Tangu miaka ya 1990 eneo wanalofunika hupimwa kila msimu: lilikuwa takriban hekta 18 mwaka 1996/97, likaporomoka hadi hekta 0.67 mwaka 2013/14. Hekta moja hubeba vipepeo wangapi? Makadirio hutofautiana kwa mamilioni, na shaka hiyo huingia katika kila jibu.

Mwaka 2015 mtafiti Tyler Flockhart na wenzake waliigawa safari nzima katika kanda nne. Modeli yao ilionyesha kuwa tatizo kubwa ni kutoweka kwa mimea ya utomvu mweupe inayoliwa na viwavi, hasa katika mashamba ya mahindi na soya yanayopuliziwa dawa za magugu. Mwaka uliofuata watafiti wengine walipinga: kwao, hasara inatokea njiani kuelekea kusini. Mwaka huohuo makadirio mengine yaliweka hatari ya jamii hiyo kuporomoka pasipo kurudi, ndani ya miaka 20, kati ya asilimia 11 na 57. Naliheshimu pengo hilo, kwa kuwa linasema kweli kuhusu data iliyopo.

Huku Afrika Mashariki, alikofanya kazi Williams, makundi ya vipepeo weupe wa *Belenois aurota* bado huvuka Kenya na Tanzania. Mwalimu, mkulima, msomaji wa makala hii: ukiwaona, andika tarehe, mahali na mwelekeo, na uhesabu wanaopita kwa dakika.