Hamira ya Pinki: Ule Utelezi wa Bafu Una Ganji Ndani

Cheki kona za bafu yako. Ule utelezi wa pinki wakati mwingine ni bakteria, lakini mara nyingine ni hamira inaitwa Rhodotorula, ndugu wa mbali wa hamira ya mkate. Viwandani, hiyo ni mali.

Rangi inatoka wapi?
Hamira hii hujitengenezea karotini, familia ile ile ya rangi ya karoti, ijikinge na jua. Aina moja, Rhodotorula toruloides, ikilishwa sukari mob inaweka mafuta hadi yanapita nusu ya uzito wake mkavu. Nyingine, Phaffia, ilipatikana miaka ya 1960 kwa utomvu wa miti huko Japani na Alaska. Inatoa astaksanthini, rangi inayofanya samaki wa salmon awe pinki.

Ainabkoi inaingilia wapi?
Kuku hajitengenezei rangi ya kiini cha yai, anaitoa kwa chakula. Mahindi meupe karibu hayana hiyo rangi, ndio maana yai la kuku wa kufungiwa linaweza kuwa limepauka, na wateja wanataka la njano kama la kienyeji. Phaffia kwa chakula cha kuku inasort hiyo stori. Ganda lake lazima livunjwe kwanza, la sivyo rangi inaishia kwa kinyesi.

Inakula nini?
Molasi iko sawa. Kiwanda cha Agro-Chemical pale Muhoroni tayari kinatengeneza hamira ya mkate nayo. Huku kwetu kuna maziwa, na ukitengeneza jibini unabaki na maji yenye sukari. Noma ni kwamba Rhodotorula haili sukari ya maziwa. Watafiti wa Bulgaria, miaka ya 1990, waliifuga pamoja na bakteria wa maziwa lala, ndugu za wale wa mursik. Bakteria wanavunja sukari, hamira inakula, rangi inatoka.

Usijaribu kwa sufuria
Maziwa yakishika madoa ya pinki, mwaga. Rhodotorula inaweza kuingia kwa damu ya mgonjwa mwenye kinga dhaifu. Hii kazi inataka tangi safi, hewa ya kutosha na mtu wa maabara. Kama unasomea baiolojia ama sayansi ya chakula, hiyo nafasi ni yako, msee.