Kamera ya Flip Video

Flip Video ni kamera ndogo ya video ya mfukoni iliyotengenezwa na kampuni ya Pure Digital Technologies ya San Francisco, Marekani, na kuuzwa kwa jina hilo kuanzia 2007 hadi 2011. Toleo la Flip Ultra, lililotoka Septemba 2007, lilitumia betri mbili za kawaida, lilirekodi picha za pikseli 640 kwa 480, na aina yake ya gigabaiti 2 ilihifadhi video ya saa moja. Bei yake haikufika dola 200. Historia fupi ya kamera hii inathibitisha jambo moja: katika kurekodi maisha ya kila siku, chombo kinachoshinda ni kile chenye hatua chache zaidi kati ya tukio na mtazamaji.

Ushahidi wa kwanza ni hali iliyokuwapo kabla yake. Aliyekuwa na kamera ya kanda alilazimika kuicheza kanda nzima ili kuihamishia kwenye kompyuta, hivyo kanda ya saa moja ilidai saa moja nyingine, pamoja na waya maalumu na programu ya kuhariri. Haishangazi kwamba kanda nyingi za familia hazikutazamwa tena. Flip ilikuwa na kitufe kikubwa chekundu cha kuanza na kusimamisha, bila mipangilio ya mwanga wala lenzi. Plagi ya USB ilichomoza kutoka ubavuni mwake na kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta, na programu ya kukata vipande na kuvituma mtandaoni ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kamera yenyewe. YouTube, iliyoanzishwa 2005, ilikuwa tayari kupokea video hizo. Kodak na Sony nazo zikatengeneza kamera za namna hiyo, na mwaka 2009 kampuni ya Cisco ikainunua Pure Digital kwa hisa za takriban dola milioni 590.

Wapo waliopinga wakisema kwamba urahisi huo ulinunuliwa kwa picha duni. Hoja hiyo ina uzito: lenzi haikuweza kusogeza vitu vya mbali bila kuharibu picha, mkono uliotetemeka ulionekana wazi, na sauti ya mbali ilififia. Kwa mpiga picha anayelipwa kurekodi harusi, kasoro hizo hazivumiliki. Lakini anayerekodi hatua za kwanza za mtoto hashindani na studio. Anashindana na muda unaompita. Tena kasoro nyingi zilirekebishika kwa mazoea ya mtumiaji: kumsogelea msemaji, kusimama huku mwanga ukiwa nyuma ya kamera, na kuifunga kwenye stendi ya miguu mitatu. Kanda yenye picha safi ambayo haikurekodiwa kwa sababu kamera ilibaki kabatini haimfai mtu yeyote.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Cisco ilitangaza kuifunga Flip Aprili 2011, hatua iliyogusa wafanyakazi wapatao 550. Je, huo si ushahidi kwamba wazo lenyewe lilikuwa bovu? Mambo yaliyoutangulia uamuzi huo yanaonyesha kinyume. Juni 2009 ilitoka iPhone 3GS, simu iliyorekodi video, ikaikata na kuituma bila kompyuta. Flip ilikuwa imeondoa kanda na waya, lakini bado ilimtaka mtu afike kwenye kompyuta kwanza. Ilishindwa kwa kanuni ileile iliyoiinua: simu iliondoa hatua iliyosalia, na tayari ilikuwa mfukoni mwa mwenyewe. Kwa hiyo anayechagua chombo cha kurekodi leo, kwa ajili ya familia, darasa au kikundi cha kijiji, ahesabu hatua kabla ya kuhesabu pikseli, kwa kuwa hatua ndizo zitakazoamua kama video hiyo itarekodiwa na kuonwa.