Karatasi ya Kumalizana: Fidia kwa Wanaojeruhiwa na Malori Musoma, Bunda na Butiama

Huandikwa kwenye ukurasa uliochanwa katikati ya daftari la shule. Juu tarehe, chini yake majina ya pande mbili, kisha maneno machache: mwenye gari ametoa kiasi fulani kumsaidia majeruhi, na majeruhi hatadai kitu kingine chochote. Mashahidi ni mwenyekiti wa kitongoji na ndugu wawili. Aliyevunjika mkono wa kulia hutia dole gumba la kushoto, lililopakwa wino wa biro. Siku hiyo hajui kama mfupa utaunga. Hajui kama atarudi kuvuta kokoro au kupanda pikipiki. Kwa lugha ya mtaani shughuli hiyo inaitwa kumalizana, na jina lenyewe linasema kilichokusudiwa: mambo yaishe.

Makala haya yanajenga hoja kwamba majeruhi wa ajali za malori mkoani Mara hashindwi mahakamani. Anashindwa katika wiki mbili za mwanzo, kabla hajaonana na wakili, na mara nyingi kabla hajatoka wodini. Tumezoea kulaumu upungufu wa sheria. Upungufu upo, na nitauonyesha, lakini kinachomwangusha hasa ni namna ile karatasi inavyoungana na kanuni za ushahidi na za bima, kila moja ikiikaza nyingine, mpaka haki aliyopewa kwa mkono mmoja inapotelea kwenye mkono wa pili.

Barabara kuu ya kutoka Mwanza huingia Mara kupitia Bunda, hupita Kiabakari na kufika Makutano Juu wilayani Butiama. Hapo njia hugawanyika: moja huteremka Musoma mjini, nyingine huendelea Tarime hadi mpakani Sirari. Humo hupita mafuta, saruji, samaki, mifugo, na mizigo ya kwenda na kutoka Kenya. Barabara hii ina kumbukumbu mbaya. Septemba 5, 2014, mabasi mawili na gari dogo yaligongana eneo la Sabasaba, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Ajali ya basi huleta viongozi, waandishi na orodha ya majina. Fuso likimkumba mwendesha bodaboda saa mbili usiku pale Balili, hakuna orodha. Kuna fomu ya polisi ya PF3, gari la kubebea mgonjwa kama limepatikana, na mtu wa mwenye lori anayekuja kesho yake akiwa na bahasha.

Tuchukue lori moja na ajali moja yenye majeruhi watatu. Wa kwanza ni utingo. Wa pili ni mama aliyepanda juu ya mzigo kuelekea msibani. Wa tatu ni mwendesha bodaboda aliyegongwa. Wameumia kwa uzembe uleule, sekunde ileile, na pengine wamelala wodi moja. Kwa sheria, hawa ni watu wa mataifa matatu.

Utingo, kama ana mwajiri aliyesajiliwa, anaangukia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Inatosha kwamba aliumia kazini. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi, na usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Hili ni badiliko kubwa kulinganisha na sheria ya zamani, ambayo fidia yake ya juu ilikuwa shilingi 108,000, fedha isiyotosha hata mbuzi wawili kwenye mnada wa leo. Tatizo la utingo ni lile neno “kama”. Wengi huajiriwa kwa safari, kwa mdomo, na dereva badala ya mwenye gari. Mchango wa mwajiri binafsi ulishushwa kutoka asilimia 1 ya mishahara hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022, kwa hiyo kisingizio cha gharama kimepungua nguvu. Kilichobaki ni mazoea.

Mama wa juu ya mzigo ana hali mbaya kuliko wote, na yeye hajui. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ilitungwa enzi ya Mwingereza kwa kufuata mtindo wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1930. Mtindo huo unalazimisha bima kwa ajili ya watu wa tatu, lakini haulazimishi kumfunika abiria isipokuwa gari liwe la kubeba abiria kwa malipo, au awe amebebwa kwa sababu ya mkataba wa kazi. Lori la mchanga lililopakia waombolezaji bure haliingii hapo. Kampuni ya bima itasema, na kwa maandishi ya sheria itakuwa sawa, kwamba mama huyo si mzigo wake. Anaweza kumshtaki mwenye lori mwenyewe, lakini mfuko wa nyuma haupo. Sheria iliyoandikwa kwa barabara za Uingereza haikuwahi kufikiria Fuso linalokwenda msibani likiwa limejaa watu mpaka kwenye ubavu, jambo ambalo kwetu ni la kila juma.

Mwendesha bodaboda ndiye mtu wa tatu halisi, yule ambaye Sura ya 169 ilitungwa kwa ajili yake. Hata yeye haruhusiwi kwenda moja kwa moja kwa kampuni ya bima na kuishtaki. Anapaswa kwanza kumshtaki dereva na mwenye gari, ashinde, ndipo kampuni iwajibike kulipa hukumu, tena kama ilipewa taarifa ya shauri kwa wakati. Madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Muda huo unaonekana mrefu mpaka uukate vipande: miezi ya hospitali, miezi ya kusubiri kesi ya trafiki iishe, miezi ya kutafuta mwenye lori ni nani, maana kadi ina jina la mtu wa Dar es Salaam aliyeliuza kwa mtu wa Mwanza bila kuhamisha umiliki. Enzi ya Shirika la Bima la Taifa, tangu lilipohodhi soko mwaka 1967, kwa uamuzi wa mwana wa Butiama mwenyewe, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango, angalau mtu alijua aende ofisi gani. Sitamani ukiritimba ule urudi. Nasema tu kwamba mlango mmoja ulikuwa rahisi kuuona.

Sasa turudi kwenye karatasi, maana hapa ndipo nyuzi zinapofungana.

Aliyepokea bahasha hana hamu ya kwenda kutoa ushahidi dhidi ya dereva. Amekwisha kumalizana. Ndugu zake nao wanaona aibu: utakulaje cha mtu, kisha umfunge? Kesi ya trafiki inaitwa, shahidi muhimu hatokei, inaahirishwa, mwishowe dereva anaachiwa. Familia haioni hasara yoyote. Lakini Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama 43A, inasema kwamba hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika wa hatia ya aliyetiwa hatiani na, soma vizuri hapa, wa kutokuwa na hatia kwa aliyeachiwa. Nchi nyingi za utaratibu wa sheria kama wetu huishia kwenye nusu ya kwanza. Sisi tumechukua zote mbili.

Matokeo yake ni kwamba majeruhi anayekaa nyumbani siku ya kesi ya trafiki anaweza kuwa anazika madai yake ya fidia bila kujua. Mwaka unapita, mguu haujaunga, daktari wa Hospitali ya Bugando anasema upasuaji wa pili unahitajika, fedha ya bahasha iliisha kwa dawa na nauli. Anakwenda kwa wakili. Wakili anaomba nakala ya hukumu ya trafiki, anaisoma, anaifunika.

Nakubali kwamba kifungu hicho kina tafsiri pana na finyu. Kuachiwa kwa dereva kwa kosa moja hakumsafishi mwenye lori aliyeliachia barabarani bila breki. Wakili mzuri ataijenga hoja upya juu ya uzembe wa mwenye gari mwenyewe. Lakini hapo inahitajika ripoti ya ukaguzi wa gari, na gari lilikwisha kukabidhiwa kwa mwenyewe zamani, likatengenezwa, pengine likauzwa.

Wapo wanaoitetea karatasi ya kumalizana, na hoja zao si nyepesi. Mgonjwa anahitaji fedha leo. Mahakama ni ya polepole, wakili ni ghali, na katika mkoa huu mazungumzo ya wazee wa koo yana heshima ambayo hakimu mgeni hana. Katiba yenyewe, ibara ya 107A(2), inazitaka mahakama zikuze usuluhishi. Yote ni kweli. Ila ibara hiyohiyo, aya moja tu juu yake, inazitaka pia zitoe fidia inayostahili kwa walioathiriwa na makosa ya wengine. Na usuluhishi wa wazee, ule wa kweli, haukuwa hivi. Wazee walikaa pande zote mbili zikiwapo, jeraha likionekana, na kilicholipwa kililingana na kilichopotea. Karatasi ya wodini haina upande wa pili: aliyeileta ni mjumbe, mwenye lori yuko mbali, na kampuni ya bima, ambayo ndiyo ilipokea fedha kwa ajili ya siku hiyo, haijaambiwa lolote. Tena mikataba mingi ya bima humkataza mwenye gari kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Mwenye lori anayedhani amepata nafuu kwa laki tatu huenda anajiharibia kinga aliyoilipia.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatoa silaha ambayo haitumiki inavyostahili. Kifungu cha 16 kinahesabu kuwa mwenye nafasi ya kumshinikiza mwenzake yule anayefanya mkataba na mtu ambaye akili yake imeathirika, hata kwa muda, kwa sababu ya ugonjwa au dhiki ya mwili. Mtu mwenye paja lililovunjika, aliyechomwa sindano ya maumivu, akiambiwa saini hapa mama apate hela ya chakula, ni mfano ambao mtunga sheria asingeweza kuutafuta bora zaidi. Karatasi hiyo inatanguka akitaka itanguke. Anahitaji tu kujua kwamba anaweza kutaka.

Wanaopata bahati ya kufika mwisho wa shauri hukutana na kizingiti kingine: hasara halisi lazima itajwe moja moja na ithibitishwe kikamilifu. Mchuuzi wa dagaa wa Mwigobero hana hati ya mshahara. Bodaboda iliyompeleka hospitali haikutoa risiti, wala jirani aliyemuuguza miezi minne. Mahakama humwachia fidia ya jumla, inayokadiriwa na hakimu, na hapo maskini wawili wenye jeraha moja wanaweza kupata viwango tofauti kabisa. Kuwapo kwa Mahakama Kuu Kanda ya Musoma kumepunguza safari, maana zamani mashauri ya ngazi hiyo yalifuatwa Mwanza. Hakujapunguza mzigo wa risiti.

Wengine hupendekeza tuige Afrika Kusini, yenye mfuko wa ajali za barabarani unaolishwa na tozo ya mafuta. Wazo linavutia, hasa kwa aliyegongwa na gari lililokimbia, ambaye leo hana wa kumdai. Lakini mfuko ule umezama kwenye madeni, na nisingependa tuanze na jengo kubwa kabla ya kuziba paa linalovuja. Kwa malori ya kigeni yanayopita Sirari tayari kuna Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki, na ambayo humwezesha Mtanzania aliyegongwa na lori la Kenya kushughulikiwa hapahapa nchini. Ni watu wangapi kati ya Bunda na Makutano wanaoijua?

Ninachopendekeza ni kidogo na kinaweza kuanza mapema. Makubaliano yoyote yaliyosainiwa kabla ya daktari kutoa ripoti ya mwisho ya ulemavu yahesabiwe kuwa malipo ya awali, yakatwe kwenye fidia, yasiwe msamaha. Sura ya 169 ifanyiwe marekebisho kuhusu abiria wa malori. LATRA, inayotoa leseni za malori ya biashara, isimhuishie leseni mwenye hukumu ya fidia ambayo hajailipa. Kifungu kile cha Sheria ya Ushahidi kipunguzwe nusu yake ya pili. Hayo ni ya Bunge na ya mamlaka husika, yatachukua muda.

Hakimu wa trafiki hahitaji kusubiri. Kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari kinamruhusu kuamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia. Na askari anayepima ajali tayari huikagua stika ya bima, ambayo uhalali wake unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kwa simu ya mkononi. Aandike jina la kampuni na namba ya stika hiyo kwenye nakala anayompa mgonjwa, pamoja na sentensi moja: usisaini chochote mpaka umeonana na daktari na mtu wa sheria.