Mufilisi wa Tchomia na njia ya Bunia

Mvuvi wa Tchomia, ufukweni mwa Ziwa Albert huko Ituri, Kongo, aliyelemewa na madeni aliingia katika sheria ya kufilisika tarehe 24 Desemba 2015. Kabla ya siku hiyo, kwa mtu binafsi, mlango wa hakimu ulikuwa wa wafanyabiashara peke yao.

Wabelgiji ndio waliouweka. Dekreti yao ya 27 Julai 1934 ilimwangalia mwenye duka na mwenye kampuni. Mvuvi, mkulima na karani waliachwa na madeni yao. Dekreti hiyo ilipita uhuru, ikapita Zaire ya Mobutu, ikafika hadi 12 Septemba 2012, Kongo ilipoingia rasmi katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara. Hata hapo hakukubadilika kitu kwa mvuvi, kwa maana sheria ya OHADA ya 1998 ya kufilisika nayo, kwa watu binafsi, ilisimama kwa wafanyabiashara. Mageuzi yalipitishwa Grand-Bassam, Côte d'Ivoire, mwezi Septemba 2015, yakaanza kutumika Desemba hiyo: sasa yeyote anayejitegemea kwa kazi yake, ya ufundi, ya kilimo au nyingine, anaweza kujitangaza mufilisi.

Anajitangaza wapi? Kwa karani wa mahakama ya biashara, na pasipo na mahakama hiyo, kwenye tribinali kubwa. Kwa watu wa Tchomia hiyo ni Bunia: kuliacha Ziwa Albert, kupanda mlima, kupita Bogoro. Aliyeshindwa kulipa madeni yaliyoiva ana siku 30 za kufika, akiwa na orodha ya mali yake na ya wanaomdai. Mwenye wafanyakazi wasiozidi 20 na mauzo yasiyozidi faranga milioni 50 za CFA kwa mwaka hupewa njia fupi. Kipimo cha ajabu kidogo ufukweni, ambako CFA haitumiki.

Mwalimu au muuguzi wa mshahara bado yuko nje. Kwake sheria ya 1998 ya kudai madeni ilimruhusu hakimu kuahirisha au kugawanya malipo kwa muda usiozidi mwaka mmoja, basi.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, ni karatasi kuliko barabara. Wavu au injini vikikopeshwa kwa mdomo, vikalipwa kwa samaki, orodha ya wadai itaandikwa kutoka wapi? Halafu vita. Tchomia ilishambuliwa Mei 2003. Tangu Desemba 2017 maelfu kwa maelfu ya watu wa Ituri walivuka ziwa kwenda Uganda, mdai na mdaiwa pamoja, nyavu zikiachwa nyuma.

Kwa hiyo wengi hupatana mbele ya wazee, wakilipana kidogo kidogo. Lakini mapatano na mdai mmoja hayamfungi mwingine, naye anaweza kushtaki kesho. Hukumu ya Bunia ingesimamisha mashtaka ya wadai wote kwa pamoja.