Behewa la Mizigo na Mfano Wake

Msomaji wangu kijana, kama umezaliwa Garissa, au Wajir, au Mandera, huenda umefikia umri ulio nao bila kuliona behewa la mizigo hata mara moja. Si ajabu. Pande zile hazikupata kuwa na reli. Mizigo yake imebebwa kwa mgongo wa ngamia tangu zamani zisizo na hesabu, na kwa malori tangu barabara zilipopasuliwa. Mtoto akitaka chombo cha kuchezea huokota waya, mkebe mtupu na kandambili iliyochakaa, akaunda lori. Na lori hilo, ukilitazama kwa makini, halikosi kitu. Usukani upo, turubai lipo, hata kamba za kufungia mzigo zipo, kwa sababu mtoto ameyaona malori maisha yake yote. Walakini mwambie mtoto huyo huyo aunde behewa la gari moshi. Ataunda sanduku, atalitia magurudumu manne, na kazi yake itakuwa imekwisha.

Sasa hebu tumwulize: sanduku hilo ni mfano wa behewa gani?

Huenda ukacheka, ukasema kwamba behewa ni behewa. Wako watu, hasa katika nchi za Ulaya na Marekani, ambao wametumia umri wao kulijibu swali hilo. Huunda reli ndogo majumbani mwao, na hawaridhiki mpaka kila behewa lifanane na asili yake katika urefu, rangi, maandishi na idadi ya ribiti zilizoshikilia mabati. Wenzao huwafanyia mzaha kwa kuwaita wahesabu ribiti. Mimi siwezi kuwacheka, maana swali wanalouliza ndilo swali la mwanahistoria: behewa lipi, la shirika gani, katika mwaka upi? Asiyeweza kujibu matatu hayo hana mfano, ana sanduku.

Tena kosa la mfano laweza kudumu kuliko unavyodhani. Huko Uingereza, kwa muda mrefu, reli ndogo za watoto zimetengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 76, yaani milimita moja ya mfano husimama badala ya milimita 76 za kitu chenyewe. Lakini nafasi baina ya vyuma viwili vya njia ni milimita 16.5. Zidisha mwenyewe: utapata milimita 1,254. Reli ya kweli ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435. Basi vizazi kwa vizazi vya watoto vimesukuma treni juu ya njia iliyo nyembamba kwa sentimita 18 kuliko ile inayopita nyuma ya nyumba zao, wala wengi hawakujua. Sababu yake ni kwamba njia ilikuwa imekatwa kwa kipimo kingine kidogo zaidi, cha 1 kwa 87. Mota za siku zile hazikuweza kuenea ndani ya vichwa vidogo vya treni za Kiingereza. Mafundi wakaikuza treni, na njia wakaiacha kama ilivyokuwa. Ilipofika mwaka 1966 ndipo kikundi cha wapenzi wa kazi hiyo kilipotangaza vipimo vipya vyenye njia ya milimita 18.83, ambayo ndiyo sahihi. Waliowafuata ni wachache. Duka liliendelea kuuza kosa, na kosa lina bei nafuu.

Turudi kwetu Afrika ya Mashariki. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa na upana wa milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Upana huo ulitumika sana Bara Hindi, na huko ndiko kulikotoka vifaa vingi vya kwanza na makumi ya maelfu ya mafundi na vibarua. Wajerumani nao, katika njia yao ya kutoka Tanga kwenda Moshi, walitumia mita moja. Kwa hiyo wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walipojenga njia ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Moshi, reli mbili za maadui ziliungana, na behewa la upande mmoja liliweza kuingia upande wa pili bila kushusha hata gunia.

Sasa tazama upande wa mashariki ya Garissa. Waitalia waliokuwa wakitawala Somalia walijenga reli kutoka Mogadishu kupitia Afgooye hadi mji wa mashamba waliouita Villabruzzi, ambao leo ni Jowhar. Njia hiyo ilikuwa na kilometa 114. Upana wake ulikuwa milimita 950. Kwa nini 950? Hapa pana jambo ambalo lingemponza muundaji yeyote asiyesoma. Sheria ya Italia ya mwaka 1879 ilitaka reli nyembamba ziwe na upana wa mita moja, lakini mita hiyo ilipimwa kutoka katikati ya chuma kimoja hadi katikati ya chuma cha pili. Sisi hupima baina ya pande za ndani, na kwa kupima hivyo mita ya Waitalia hutoka milimita 950. Ndivyo ilivyokuwa Mogadishu, na ndivyo ilivyokuwa Eritrea, katika njia ya kupanda kutoka Massawa hadi Asmara. Mtu angeweza kusoma katika kitabu kwamba reli zote mbili, ya Mombasa na ya Mogadishu, zilikuwa za mita moja, akaamini, na mfano wake ukawa wa uongo.

Sentimita tano! Ukiunda kwa kipimo cha 1 kwa 20, ambacho ni chepesi kwa mkebe na mbao, magurudumu ya behewa la Mombasa yatasimama juu ya njia ya milimita 50, na ya Mogadishu juu ya milimita 47 na nusu. Jicho halitambui tofauti hiyo kwa urahisi. Walakini behewa la kweli la Mombasa lingewekwa juu ya njia ya Mogadishu, gurudumu lingekosa mahali pa kukanyaga. Garissa ilikaa katikati ya reli hizo mbili, mbali na zote, na hata kama kila moja ingerefushwa mpaka ukingo wa mto Tana, zisingeungana.

Wala Garissa haikuwa mtazamaji tu katika habari hii. Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham, wakiwamo askari wengi Waafrika, yalijipanga kando ya Tana, Garissa na Bura, kisha yakasonga kwa malori kwenda mto Juba. Kismayu ilitwaliwa katikati ya Februari, na Mogadishu tarehe 25 ya mwezi huo huo. Katika miaka ya utawala wa kijeshi iliyofuata, reli ya Mogadishu iling'olewa. Yaani reli moja ya jirani iliondolewa na jeshi lililopita Garissa juu ya matairi. Atakaye kuunda behewa la Mogadishu leo hana behewa la kupima katika njia ile. Ana picha na maandishi, basi. Hapo ndipo mfano uliopimwa sawasawa unapopata thamani ya ushahidi, na mfano wa ovyo unapokuwa hatari, maana hakuna asili ya kuusahihisha.

Behewa la mizigo humwambia mtazamaji mzigo ulikuwa nini. Marobota ya pamba ya Uganda na magunia ya kahawa yalihitaji behewa lililofunikwa, mvua isiingie. Ng'ombe walihitaji kuta zenye nafasi baina ya mbao, wapate hewa. Mafuta yalisafiri katika pipa kubwa lililolazwa. Ukitia mianya katika kuta za behewa la pamba umeilowesha pamba ya watu. Mimi huona masikitiko kidogo katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Wageni hulikimbilia behewa ambamo Charles Ryall alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900. Behewa la mizigo halina simba, kwa hiyo halina mgeni, ingawa ndilo lililolipa gharama za reli.

Maandishi ya ubavuni nayo ni kalenda. Hadi mwaka 1926 shirika liliitwa Reli ya Uganda, ijapokuwa sehemu kubwa ya njia yake ilikuwa Kenya. Baadaye likawa la Kenya na Uganda. Mwaka 1948 liliunganishwa na reli ya Tanganyika, likawa Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa. Na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na reli yake na mabehewa yake. Basi ukiandika jina la shirika la 1948 juu ya behewa, kisha ukaliweka nyuma ya kichwa chenye jina la Reli za Kenya, sharti uwe na sababu. Sababu yaweza kuwapo, maana rangi ya zamani haifutiki siku sheria mpya inapotiwa sahihi, lakini uijue.

Na je, muundaji wa Garissa atake behewa la kwao? Njia ya Thika ilifunguliwa mwaka 1913, na ndio upande ambao msafiri wa Garissa hupita kwenda Nairobi. Reli haikugeuka mashariki. Walioipanga waliifuata pamba, kahawa na ngano. Kaskazini palikuwa na mifugo, na mifugo ni mzigo unaotembea wenyewe; tena sheria za karantini ziliizuia mara nyingi isiingie nyanda za juu, na tangu mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa eneo lililofungwa, mtu hakuingia wala kutoka ila kwa kibali. Baada ya uhuru, waraka mashuhuri wa serikali, Namba 10 wa mwaka 1965, ulitaka fedha za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa upesi zaidi, penye ardhi nzuri, mvua na njia za uchukuzi. Asiye na reli alikosa kwa sababu hakuwa nayo.

Kwa hiyo behewa la mizigo la Garissa halina asili ya kuigwa katika karne iliyopita, na anayeliunda aseme wazi kwamba ameliwaza. Mwezi Machi mwaka 2012, huko Lamu, ulizinduliwa mpango wa bandari, barabara, mabomba na reli ambayo ingepita Garissa kuelekea Isiolo. Gati la kwanza la Lamu lilianza kazi mwaka 2021. Reli yenyewe haijatandikwa. Ilikusudiwa kuwa ya upana wa milimita 1,435, kama ile iliyofunguliwa baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, wala si ya mita moja. Ukitaka kuunda behewa lake kwa kipimo cha 1 kwa 20, acha nafasi ya milimita 71 na robo tatu baina ya vyuma, na ubavuni andika kwa penseli.