Herufi Nzito au Wino Uliokolezwa?

Katika karatasi za mitihani huonekana maelezo mawili ya jambo moja: "maneno yaliyokolezwa wino" na "maneno yaliyo katika herufi nzito". Historia ya uchapaji yaweza kutusaidia kuchagua.

Zamani mchapaji wa Uingereza aliyetaka kukazia neno alitumia italiki au herufi kubwa, ama aliazima herufi nene za matangazo, ambazo hazikupatana na matini. Mwaka 1845 kiwanda cha kusubu herufi cha Fann Street, London, ambamo Robert Besley alikuwa mbia, kilitoa Clarendon: herufi nene, zilizobanwa kwa upana, zenye serifu, yaani vijiguu vya nchani mwa mistari, vilivyoungana na shina kwa mkunjo. Zilikusudiwa kukaa mstari mmoja na herufi za kawaida. Sheria ilizilinda kwa miaka 3 tu. Kisha viwanda vingine vikaziiga. Zikafaa hasa katika kamusi, ambamo jicho hutafuta kidahizo kwanza, maelezo baadaye. Hatimaye, kwa wachapaji wa Uingereza, "clarendon" likawa jina la herufi nzito yoyote.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, uzito ulisubiwa katika madini yenyewe. Wino ulikuwa ule ule. Kwa hiyo "herufi nzito" ndiyo istilahi iliyo sahihi zaidi. Pili, mfasiri akikuta "clarendon" katika maandishi ya Kiingereza ya zamani, na apambanue kwanza: je, latajwa umbo au uzito?